Matuta mbele ya shule: ajali, moshi na mwendo wa magari mjini

Mwalimu wa shule ya msingi iliyo katika mji mdogo kando ya barabara kuu ya lami nchini Tanzania ameandika kueleza kwamba kamati ya shule yake inataka kuomba matuta, kwa kuwa watoto wengi huvuka barabara hiyo asubuhi na mchana. Wenye maduka na wenye mabasi wanapinga. Wanadai kwamba matuta huchelewesha wagonjwa, huvunja springi za magari, na huujaza mji moshi kwa sababu kila gari hufunga breki na kuanza upya kutafuta mwendo. Anauliza mambo mawili: je, matuta hupunguza ajali kweli, na je, hofu ya mazingira ina msingi?

Mwalimu, wanaokupinga hawasemi uongo. Tuta moja fupi lenye kimo kikubwa, lililomwagwa zege mbele ya geti la shule bila alama wala taa, litaleta karibu kila wanachokihofia, na huenda likasababisha ajali ambazo hazikuwapo. Hata hivyo sikubaliani na hitimisho lao. Kabla ya kuzungumzia tuta, mji wenu unapaswa kuamua magari yapite kwa mwendo gani, na kutoka wapi hadi wapi. Mkishaamua hilo, umbo la tuta, idadi yake na nafasi kati ya moja na jingine hutokana na uamuzi huo. Hesabu ya moshi nayo hubadilika kabisa.

Tuanze na mwendo wenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na madereva wengi wa masafa wanaifahamu namba hiyo kwa sababu ya faini. Kwa barabara yenye watoto wanaovuka, hamsini bado ni nyingi. Dereva aliye makini huhitaji takribani sekunde moja kuona hatari na kuhamisha mguu hadi kwenye breki, na katika sekunde hiyo gari la kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kabla breki hazijaguswa. Gari la kilomita 30 kwa saa, lenye breki nzima na kwenye lami kavu, huwa limeshasimama kabisa katika umbali unaokaribia huo huo, yaani mita 13 hivi. Maana yake ni kwamba mtoto akiingia barabarani ghafla mita 13 mbele ya gari, dereva wa kwanza atamgonga kwa mwendo wake wote, ilhali wa pili atasimama mbele yake. Basi lililoingia mjini na kilomita 80, ambacho ndicho kikomo cha magari makubwa nje ya makazi, huhitaji zaidi ya mita 55 kusimama. Na hata pale ambapo mgongano hauepukiki, nishati inayoupata mwili wa mtu hukua kwa mraba wa mwendo, na hiyo ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila asilimia moja inayoongezeka katika wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4 hivi.

Mfano unaofanana zaidi na hali yenu unatoka Ghana. Makutano ya Suhum yako kwenye barabara kuu ya Accra hadi Kumasi, katika mji ambao magari ya masafa huukuta ghafla baada ya mwendo mrefu wa kasi, na palikuwa mahali panapojulikana kwa ajali. Ziliwekwa tuta ndogo ndogo za mfululizo, zile ambazo madereva wetu huziita rasta, na katika kipindi cha Januari 2000 hadi Aprili 2001 ajali zilipungua kwa takribani asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55 hivi. Hapa nyumbani, mradi wa Amend, shirika la usalama barabarani, unaoitwa SARSAI na unaorekebisha barabara zilizo karibu na shule, ulioanzia Dar es Salaam na kupewa tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross mwaka 2019, ulifuatiliwa kwa utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa marekebisho na zile ambazo zilikuwa bado, na majeraha ya watoto yalionekana kupungua kwa asilimia 26 hivi. Marekebisho hayo hayakuwa matuta peke yake. Kulikuwa na njia za waenda kwa miguu, nguzo za kuzuia magari kupanda njia hizo, alama, na katika baadhi ya shule geti lilihamishwa kutoka barabara yenye magari mengi. Ningependa kamati yenu iijadili hatua hiyo ya mwisho kabla ya nyingine zote, maana gharama yake ni ndogo.

Ukisoma zaidi utakutana na takwimu zinazotofautiana sana, na zisikutie shaka. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2009, uliochambua miaka 20 ya takwimu, ulionyesha kwamba katika maeneo yaliyowekewa kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, pamoja na matuta na kona za kupunguza mwendo, majeruhi walipungua kwa karibu asilimia 42, na mitaa ya jirani haikuhamishiwa ajali hizo. Uchambuzi mwingine, uliokusanya tafiti nyingi za miradi ya mitaa mizima na kuchapishwa mwaka 2001, ulipata upungufu wa wastani wa asilimia 15 tu: robo hivi katika mitaa ya makazi na asilimia 10 katika barabara kubwa. Tofauti hiyo inaeleweka. Hatua zinazobadilisha mwendo halisi huleta matokeo makubwa, na zinazobadilisha kibao tu huleta madogo. Kibao cha 30 kikisimama peke yake kwenye barabara pana iliyonyooka hakimzuii mtu. Tochi ya askari, yaani kifaa cha kupimia mwendo, husaidia pale ilipo na saa ile ilipo, lakini sote tunajua jinsi madereva wanavyopeana ishara ya taa kuambizana kwamba trafiki wako mbele.

Sasa umbo, ambalo naona ndilo kiini cha ugomvi wenu na wenye mabasi, ingawa hakuna aliyelitaja. Tuta fupi, la sentimita 30 au 50 kutoka ukingo hadi ukingo, ndilo linalojengwa sana mitaani, hasa na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa. Siwalaumu, kwa sababu mara nyingi waliandika barua kwanza na hazikujibiwa. Lakini tuta hilo lina kasoro ya ajabu: mtu anayepita taratibu huumia mgongo, na anayepita kwa kasi kubwa husikia mshtuko mdogo zaidi kuliko mlivyotarajia, kwa kuwa magurudumu na springi humeza pigo kabla bodi ya gari haijapata muda wa kuinuka. Gari linaharibika, lakini dereva hapati sababu ya kutosha ya kupunguza mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maabara ya utafiti wa barabara ya serikali ya Uingereza ilijaribu maumbo mengi na kufikia tuta pana la mviringo, lenye mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari na kimo cha sentimita 10, ambalo tangu hapo limekuwa msingi wa miongozo ya nchi nyingi. Upana wake hufanya gari zima lipande na kushuka, hivyo adha huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka: ukipita na 25 au 30 husikii kitu, ukipita na 60 utajuta. Siku hizi wengi huteremsha kimo hadi sentimita 7.5 au 8 pale panapopita mabasi.

Kwa mbele ya shule, umbo bora zaidi ni tuta bapa, ambalo juu yake ni tambarare kwa mita 6 au zaidi, na alama za pundamilia huchorwa hapo hapo juu. Basi hupanda kwa magurudumu yote kabla ya kushuka, mtoto huvuka akiwa ameinuliwa kidogo na kuonekana vizuri, na dereva anaelewa sababu ya kupunguza mwendo kwa kuwa anaiona mbele yake. Barabara ikiwa na nafasi, kisiwa cha katikati huongeza mengi, kwani mtoto wa miaka saba hukadiria vibaya mwendo wa magari, na ni rahisi kwake kuangalia upande mmoja, kusimama, kisha kuangalia upande wa pili.

Mambo ya ujenzi ambayo miji yetu huyasahau ni ya kawaida mno, na pengine ndiyo maana husahaulika. Maji ya mvua lazima yapate pa kupita, la sivyo tuta hugeuka bwawa na lami huoza kwa kipindi cha masika kimoja au viwili. Lakini nafasi ya maji ikiachwa pana pembezoni, bodaboda huitumia kama njia, na hapo watoto ndipo wanapotembea. Suluhisho ni bomba au mfereji uliofunikwa, pamoja na nguzo fupi za kuzuia pikipiki. Rangi lazima irudiwe, na kwa kuwa rangi yetu hufutika upesi, fedha za kuirudia zitengwe tangu mwanzo. Tuta lisilo na rangi, kibao wala taa ni hatari usiku kwa pikipiki hata kama umbo lake ni sahihi. Pia lisikae kwenye kona wala kwenye mteremko mkali ambako lori lenye mzigo huhitaji breki zake kwa kazi nyingine.

Kwenye barabara kuu kama yenu, tuta haliwezi kuwa kitu cha kwanza dereva anachokutana nacho. Anatoka mwendo wa 80 au zaidi, na akili yake bado iko safarini. Mwendo hushushwa kwa hatua: vibao kwanza, kisha mafungu ya rasta, kisha alama ya wazi kwamba mji umeanza, kama vile kisiwa au kipilefti, yaani mzunguko wa makutano, kinachomlazimisha kupinda kidogo, na tuta bapa likifuata anapokuwa tayari kwenye hamsini au chini yake. Kipilefti nakipenda kuliko vyote pale makutano yanaporuhusu, kwa sababu lori na gari dogo hupunguza mwendo kwa kiasi kinachofanana na hakuna anayerushwa. Rasta zina dosari moja, kelele. Trela tupu likipita saa nane usiku juu ya rasta, walio ndani ya mita 100 wataamka, kwa hiyo zikae nje ya nyumba za watu. Dosari hiyo hiyo hulipata tuta lililojengwa dirishani mwa mtu, na mwenye nyumba akilalamika ana haki ya kusikilizwa.

Hapa ndipo tunafika kwenye moshi. Hesabu yenyewe ni rahisi na nitaifanya mbele yako ili uweze kuipeleka mkutanoni. Basi lenye uzito wa tani 15 likishuka kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, kisha likarudi 50, injini yake lazima irudishe nishati iliyopotezwa na breki. Tukichukua kwamba injini ya dizeli hugeuza theluthi moja tu ya mafuta kuwa mwendo, hiyo ni zaidi ya mililita 110 za dizeli kwa tuta moja. Mafuta hayo huchomwa dereva akiwa amekanyaga, na katika injini iliyochakaa hapo ndipo masizi meusi hutoka. Kwa hiyo wenye mabasi wana hoja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2001 ulifikia mahali hapo hapo kwa magari madogo: kwenye barabara zilizowekewa vizuizi vya mwendo, hewa ya ukaa inayotoka katika gari moja kwa kila kilomita iliongezeka kwa sehemu moja ya tano hadi robo, na gesi nyingine ziliongezeka pia.

Lakini rudia hesabu kwa mji ambao mwendo wote ni 30 na tuta ni pana, la kupitika kwa 25. Basi lile lile sasa hushuka kutoka 30 hadi 25 na kurudi, na dizeli inayopotea haifiki mililita 15. Kinachochoma mafuta ni tofauti ya mwendo kabla ya tuta na juu ya tuta, pamoja na idadi ya mara inayorudiwa. Matuta yaliyo mbali mbali huwapa madereva nafasi ya kukimbia katikati na kufunga breki tena, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa moshi, kwa kelele na kwa vumbi la breki. Yakikaa umbali wa mita 60 hadi 100, dereva huona hakuna faida ya kukimbia na hutulia katika gia moja. Mji wa Buxtehude nchini Ujerumani, uliojaribu kikomo cha 30 kwa eneo zima kuanzia mwaka 1983, ulionyesha hivyo: madereva walipunguza kufunga breki na kubadili gia, na matumizi ya mafuta yakashuka.

Sitakuahidi, hata hivyo, kwamba mwendo mdogo peke yake husafisha hewa. Gari linalotembea bila kusimama kwa kilomita 30 halitumii mafuta machache kwa kilomita kuliko linalotembea bila kusimama kwa 50. Mara nyingi hutumia zaidi kidogo. Faida hutokea kwa kuwa mjini hakuna anayetembea bila kusimama: kuna daladala, bajaji, mikokoteni na watu. Kelele za matairi hupungua kwa hakika. Vumbi kwenye barabara za changarawe hupungua pia, na katika miji yetu ambayo mitaa mingi ya pembeni haina lami, huenda hilo ndilo badiliko la mazingira ambalo wakazi wataliona kwanza, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye sufuria za mama lishe.

Kuna upande wa mazingira ambao wanaobishana kuhusu moshi huusahau, nao ni wanyama. Barabara ya lami inayopita kando ya msitu wa Jozani, Unguja, ilikuwa ikiua kima punju, aina adimu ya kima ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar, kwa kiwango cha mmoja kila wiki mbili au tatu. Baada ya matuta kujengwa katika miaka ya 1990, kiwango kilishuka hadi mmoja kwa wiki sita hivi. Si mwisho wa tatizo, lakini ni nadra kupata hatua ya uhifadhi yenye gharama ndogo kiasi hicho na matokeo yanayohesabika namna hiyo.

Kuhusu wagonjwa, majaribio ya magari ya zimamoto mjini Portland, Marekani, miaka ya 1990 yalionyesha kwamba tuta moja huchelewesha gari kubwa kwa sekunde zisizofika 10, na mara nyingi pungufu ya hapo. Matuta mawili mbele ya shule hayatamfanya mgonjwa akose hospitali, ingawa mama mwenye uchungu au mtu aliyevunjika mfupa atayahisi, na hapo ndipo umbo pana linapokuwa suala la utu. Kama barabara hiyo ndiyo njia ya kila siku ya ambulensi, kuna matuta yaliyokatwa vipande, ambayo gari pana huyapita likiwa limeyaweka katikati ya magurudumu ilhali gari dogo hupanda. Na kwa abiria wa basi, sehemu ya mita 600 inayopitwa kwa 30 badala ya 50 humpotezea nusu dakika.

Barua yenu muipeleke kwa meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kwa kuwa barabara kuu ni yao. Mitaa ya pembeni iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nao wahusishwe mapema, maana magari yakiona barabara kuu imetulia baadhi yatajaribu kupenya huko. Msiombe “matuta.” Ombeni sehemu yenye mwanzo na mwisho unaojulikana ipitwe kwa kilomita 30 kwa saa, na mtaje tuta bapa lenye kivuko, rasta za kutangulia nje ya makazi, taa, na njia ya miguu hadi getini. Mhandisi aliyepewa lengo ana nafasi ya kuchagua chombo kinachofaa, na ni vigumu kwake kuwajibu kwa tuta moja la zege.

Mpeleke na vipimo. Pimeni mita 50 kwa utepe kando ya barabara, mweke alama kila mwisho, kisha mtu mmoja mzima asimame pembeni mahali salama akiwa na saa ya simu. Gari linalotumia sekunde 3.6 kupita alama zote mbili liko kwenye kilomita 50 kwa saa, na linalotumia sekunde 6 liko kwenye 30. Chukueni magari 100 yasiyozuiwa na foleni, saa za kuingia na kutoka shule, bila kuwaonyesha madereva kwamba wanapimwa. Panga matokeo kutoka la taratibu hadi la kasi na uangalie gari la 85: mwendo wake ndio wahandisi hutumia kuamua kama barabara inahitaji kurekebishwa. Hesabuni pia watoto wanaofika kwa miguu na wanaoletwa kwa bodaboda. Ujenzi ukishakamilika na miezi mitatu kupita, rudieni yote mahali pale pale na saa zile zile, na nakala moja ya matokeo wapeni wenye mabasi.